Tusiulize nani anataka bomu, tuulize atapata wapi urani

Ndugu zangu, kila nikizungumzia hatari ya magaidi kupata bomu la nyuklia huulizwa: ni nani anayetaka kutulipua? Wanaotaka hawakosekani. Aum Shinrikyo, kikundi cha kidini cha Japani, walewale waliomwaga sumu ya sarin kwenye treni za Tokyo Machi 1995, walikuwa na fedha, wanasayansi na hamu kubwa ya bomu la nyuklia. Hawakulipata.

Walikwama kwenye malighafi. Kurutubisha urani, yaani kuongeza ndani yake ile sehemu inayofaa kwa bomu, hadi kiwango cha silaha, au kutengeneza plutoni, malighafi nyingine ya bomu, ni kazi ya viwanda, ya miaka, ya serikali. Magaidi hawawezi kujitengenezea. Lazima waibe au wauziwe. Ndiyo maana kisa cha Tbilisi, Georgia, mwaka 2006, kinanikosesha usingizi kuliko hotuba ya kiongozi yeyote anayetisha majirani zake. Alikamatwa mtu ana urani ya kiwango hicho, karibu gramu 80, ndani ya mfuko wa plastiki alioutia mfukoni mwa koti. Kwa bomu haitoshi hata kidogo. Lakini ilitoka ghala gani? Na humo imebaki kiasi gani?

Dola tunazoziita korofi ni habari nyingine. Korea Kaskazini ilijitoa kwenye mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizi 2003, ikalipua bomu la kwanza la majaribio 2006, na la sita 2017. Inatisha, sikatai. Ila watawala wake wana mji mkuu, wana jeshi, na wanajua wakirusha watajibiwa. Mimi nahofia zaidi biashara. Mtandao wa Abdul Qadeer Khan, mwanasayansi wa nyuklia wa Pakistan, uliiuzia Libya vifaa vya kurutubishia urani, na shehena mojawapo ilinaswa melini Oktoba 2003.

Halafu kuna mionzi isiyohitaji bomu la nyuklia, na hapa ndipo tunapozembea. Goiânia, Brazil, 1987: waokota vyuma chakavu waliingia kwenye kliniki iliyohamwa, wakachukua mashine ya kutibia saratani. Ndani mlikuwa na unga wa cesium, kitu chenye mionzi mikali, unaong'aa buluu gizani. Watu wakagawiana kama zawadi; mtoto wa miaka sita akajipaka. Wanne walikufa, yeye akiwamo, na zaidi ya watu 100,000 wakapimwa. Hapakuwa na gaidi hata mmoja. Palikuwa na kliniki tupu isiyo na mlinzi.