Sukari ya Paka Mwenye Hofu

Wenzangu, mnajua kongosho lilipo na visiwa vya Langerhans, vile vikundi vya seli ndani yake, vinafanya nini, sitawarudisha darasani. Nimekuja tena na habari ya paka mwenye hofu. Najua mmenisikia hadi mmechoka. Hata mimi nimechoka, ila kesi zinazoletwa kwangu ni zile zile.

Kuna dume mmoja aliletwa kwenye kikapu akinguruma. Akatolewa kwa kuvutwa ngozi ya shingo, watu wawili wakamshika, akachomwa mara tatu ndipo damu ikapatikana. Sukari: milimoli 17 kwa lita. Mwanafunzi wangu huyo, kalamu mkononi, anaandika insulini! Nikamuuliza, anakunywa maji mengi? Hapana. Anakojoa kupita kawaida? Hapana. Amekonda? Paka mwenyewe mnene kama mto. Sasa kisukari kiko wapi? Paka akiogopa, adrenalini hulifanya ini limwage sukari kwenye damu, na kipimo kikapanda hivyo huku kongosho likiwa zima kabisa.

Kuna atakayesema, "Daktari, mbona na mkojo una sukari?" Mkojo huo uliukinga wapi? Kama paka ameshinda kwenye kizimba huku mbwa wanambwekea, umepima hofu ile ile mara ya pili. Mwenye paka akinge nyumbani. Au pima fruktosamini, yaani protini za damu zilizoshikana na sukari, maana hiyo inabeba habari za wiki mbili tatu zilizopita. Purukushani ya asubuhi moja haiigusi. Kwa yule dume, vyote viwili vilitoka safi. Tungemdunga insulini, sukari ingeshuka mno, angeangukia nyumbani kwa degedege.

Mbwa hana mambo mengi. Seli za beta, zile za kongosho zinazotengeneza insulini, zimekwisha, atadungwa maisha yake yote, na wengi hupata mtoto wa jicho. Jike atolewe ovari, kwani projesteroni, homoni inayopanda baada ya joto la kutaka dume, huizuia insulini kufanya kazi. Paka, akitibiwa mapema na kupungua uzito, anaweza kuachana na sindano. Kwa hiyo usimwandikie dozi ukamsahau.

Uvimbe wa seli za beta nilikuwa nao kwenye slaidi, lakini mwenyekiti ameshatazama saa mara mbili. Haya, la mabomba ya sindano tu. Insulini ya yuniti 40 kwa mililita ukiivuta kwa bomba lenye alama za insulini ya 100, mstari wa 10 unakupa yuniti 4. Ukigeuza, insulini ya 100 kwenye bomba la 40, mstari wa 4 unakupa 10. Naam, swali, wewe wa nyuma.