Umaskini wa Kusini unaanzia pale korosho inapouzwa ikiwa bado ua

Asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, shikamooni wazee wangu, na nyie wadogo zangu wa chuo mambo vipi. Nashukuru sana kwa kunialika. Mada niliyopewa ni vyanzo vya umaskini kwenye jamii, na hii mada ni pana mno, mtu unaweza ukataja ujinga, maradhi, ukoloni, rushwa, mabadiliko ya tabianchi, ukamaliza saa yako, watu wakapiga makofi na kila mtu akarudi kwake kama alivyokuja. Mimi sitaki tufanye hivyo leo. Nataka tuongelee umaskini wetu wa hapahapa, Mtwara na Lindi, kwenye zao ambalo wengi humu ndani ndilo lililowasomesha, na nataka tutafute jibu la swali moja tu: kwanini mtu mwenye mikorosho, zao linaloiingizia nchi dola kila mwaka, analala njaa mwezi wa pili?

Kwanza tuelewane umaskini ni nini. Kwenye utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2017/18 Tanzania Bara, mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi uliwekwa kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani kama 1,600 na kidogo kwa siku, chakula, nguo, dawa, kila kitu humo humo. Asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini ya huo mstari. Zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne! Na hawa sio watu wanaokaa tu. Nenda kijiji chochote cha Tandahimba au Newala saa kumi na mbili asubuhi uone nani yuko kitandani.

Maana jibu linalotolewa haraka, hata na wasomi wetu, ni kwamba watu wa Kusini wavivu, wanapenda ngoma, hela yote inaishia kwenye unyago na jando. Hili jambo linaniuma na nitalijibu. Ni kweli msimu ukifunguka kuna wanaume wanaingia mjini na zile hela na nyumbani haifiki hata nusu, akina mama mliopo hapa mnalijua hilo kuliko mimi, na ni dhuluma, tuseme wazi. Lakini ngoma unayoiona ni matumizi ya ovyo, kwa mwenyewe ndio bima yake. Usipokwenda kwa mwenzio, usipotunza, siku umefiwa au umeunguliwa nyumba nani atakuja? Alafu kuna jambo kubwa zaidi, mkulima wetu anakuwa ameshapoteza hela nyingi kabla ya hiyo ngoma, kabla hata korosho haijadondoka, na hapo ndipo nataka tukae.

Wote mnaijua kangomba. Kwa wageni wetu mliotoka mikoa mingine, kangomba ni kununua korosho kienyeji, nje ya ushirika, kwa vipimo visivyo rasmi na bei ya kutupa, na mara nyingi inanunuliwa ikiwa bado mtini, ikiwa bado maua kabisa. Mkorosho unatoa maua kuanzia mwezi wa sita wa saba, korosho zinaanza kuokotwa mwezi wa tisa wa kumi, mnada ndio unafuata, alafu usubiri malipo. Hebu hesabu hiyo miezi. Mwezi wa saba mtu anatakiwa apulizie dawa ya salfa la sivyo ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza maua yote, kuna misimu serikali imetoa salfa ya ruzuku au ya bure kabisa na tunashukuru, lakini mashine ya kupulizia ni ya kukodi, petroli ni ya kununua, kijana wa kupulizia anataka chake siku hiyohiyo. Katikati ya hapo mtoto anaugua, au bodaboda imemuangusha mtu, au aliyefaulu anatakiwa aripoti shule na godoro na sare. Hela iko wapi? Iko juu ya mti, ni ua.

Anakwenda kwa mwenye duka. Tufanye hesabu ya mfano tu, bei zinabadilika kila mwaka. Mwenye duka anampa shilingi 1,000 kwa kilo, kilo 200, anaondoka na laki mbili mkononi. Mnadani korosho ikaja ikauzwa 3,300. Zile kilo 200 zingempa laki sita na elfu sitini kabla ya makato, kwahiyo ameacha laki nne na sitini kwa mtu aliyemkopesha laki mbili, kwa miezi mitatu. Wanafunzi wa biashara nipeni riba hapo. Asilimia 230! Kwa miezi mitatu tu! Hakuna benki duniani inayothubutu kuandika riba kama hiyo kwenye karatasi, ila mkulima wa Nanyumbu anailipa mwaka huu na mwakani ataanza tena akiwa hana kitu, kwahiyo atauza ua tena, na zamu hii labda kilo 300 maana njaa ya mwaka jana imeongezeka juu ya ya mwaka huu.

Chanzo cha umaskini nilichokuja kukisema leo ni hicho. Maskini analipa hela yake ghali kuliko tajiri anavyolipa ya kwake, na analipa hivyo kwasababu shida inamfika kabla ya kipato na hapo katikati hapana mtu wa kumshika mkono isipokuwa yule atakayemkamua. Tajiri akiwa na shida mwezi wa saba anakwenda benki na hati ya nyumba. Mkulima wetu ana ekari nane za mikorosho mikubwa na hana hati, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeruhusu hatimiliki za kimila ndio, lakini vijiji vingapi wamepimiwa, na huyo aliyepimiwa benki inaipokea hati yake kwa moyo mkunjufu? Muulizeni yeye mwenyewe.

Sasa msije mkadhani hali hii imetoka mbinguni, imetengenezwa na maamuzi ya watu, na mengine yalifanywa kwa nia njema kabisa. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho karibu tani 145,000. Miaka kumi na tatu baadaye, 1986/87, zilikuwa tani kama 17,000 hivi. Wazee mliopo hapa mliyaona, sio ya kusimuliwa. Ilikuja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa wakawekwa pamoja ili wapate shule, zahanati na maji, na shule kweli zilikuja, siwezi kulikataa hilo. Lakini mkorosho huhamishi. Mti uko kwenye matongo, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, mwenye mti yuko kijijini umbali wa kutembea nusu siku, msitu ukapanda, moto wa kiangazi ukaingia, ubwiriunga nao ukafika, na juu ya yote bei aliyokuwa analipwa mkulima na mamlaka ya zao ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata mwenye nguvu hakuona sababu ya kwenda kupalilia. Hakuna aliyekuwa mvivu hapo. Mtu anapima, anaona jasho halilipi, anapanda muhogo ale. Wewe ungefanya nini?

Kipindi hichohicho tukajengewa viwanda vya kubangua korosho, kumi na viwili, kwa mikopo ya nje. Vinakamilika, korosho hakuna! Mashine zikakaa, deni likabaki, baadae vikabinafsishwa na vingine vikageuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli. Sehemu kubwa sana ya korosho yetu inaondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam, kule inabanguliwa na kupangwa madaraja, kisha inauzwa Ulaya na Marekani. Inahitajika kilo nne mpaka tano za ghafi kupata kilo moja ya korosho iliyobanguliwa, kwahiyo tunasafirisha maganda kuvuka bahari na tunasafirisha ajira za dada zetu humo humo ndani ya gunia. Wale akina mama wanaobangua kwa mkono, wanauza kwenye vipakiti barabarani pale mabasi yanaposimama, wanaungua mikono na ile mafuta ya ganda bila hata glavu, wale ndio wenye kiwanda tulichobaki nacho. Mikopo ya halmashauri ikipita naomba waanze wao.

Mwaka 2007 ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, korosho inakaa ghalani, wanunuzi wanashindana kwenye mnada. Mimi naunga mkono mfumo huu na nitautetea popote, bei imepanda kwa sababu yake, kuna misimu imevuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani. Ila mfumo umetengenezwa kwa mtu anayeweza kusubiri. Asiyeweza kusubiri anauza kangomba, na mwenye kangomba ndiye anayepeleka zile korosho AMCOS kwa jina la mtu mwingine na kuchukua bei nzuri iliyopiganiwa kwa ajili ya maskini. Mnaona?

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali ikasema itanunua yenyewe korosho yote kwa 3,300 na jeshi likaja kusomba. Bei ilikuwa nzuri kweli na watu walishangilia. Lakini malipo yakaja na uhakiki, kila mtu aonyeshe shamba lake ili wenye kangomba wasilipwe, na uhakiki ukachukua muda, mwaka 2019 umeingia watu bado wanasubiri. Sasa fikiria, ni mwezi wa kwanza, shule zimefunguliwa, mvua zimeshaanza, chakula cha mwaka jana kimekwisha na mahindi bado mabichi shambani, hela yako unaambiwa ipo. Kilichofuata hapo mnakijua, watu wamekopa upya, kwa masharti yaleyale. Nia ilikuwa kumkomesha mnyonyaji na aliyeumia zaidi akawa mnyonywaji, kwasababu walioamua waliangalia bei wakasahau muda. Na mwaka huohuo wa 2018 sheria ikabadilishwa, ile asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho nje iliyokuwa inarudi kuendeleza zao ikaelekezwa mfuko mkuu wa serikali, wabunge wa Kusini wakapiga kelele sana bungeni na walikuwa na haki.

Barabara nitaigusa kidogo tu, muda unakwenda. Kabla ya Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji kufunguliwa 2003 mvua za masika zilikuwa zinatufunga huku, ukikwama Ndundu, pale Rufiji, umekwama, na kila kitu dukani kinapanda bei. Hata mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya kilivyopita barabara ya Dar ikakatika tena. Gharama hiyo inakatwa kwenye bei ya mkulima na inaongezwa kwenye bei ya sabuni anayonunua, anapigwa kotekote.

Tufanye nini? Mimi nina ombi moja kwa wana ushirika mliopo humu, na nyie vijana muwasaidie wazazi wenu kusoma makabrasha. Mkutano mkuu wa AMCOS ukiitwa msiende kusaini posho na kuondoka. Ulizeni kila kilo inakatwa shilingi ngapi, zinakwenda wapi, na kwanini sehemu yake isiwe mfuko wa kukopesha wanachama mwezi wa saba, kwa riba ndogo, mkopo unakatwa mnadani moja kwa moja. Dhamana ni zile korosho mnazopeleka kila mwaka, na daftari la chama linaonyesha misimu kumi nyuma nani alipeleka kilo ngapi. Akina mama kwenye VICOBA wanafanya hivyo tayari na hela zao ndogondogo, wanakopeshana na riba inarudi kwao wenyewe. Kinachowashinda ni mtaji, kwasababu hela kubwa ya korosho inaandikwa jina la baba. Kwahiyo ombi la pili linatoka humohumo, mke naye asajiliwe uanachama, na akaunti malipo yanapoingia iwe na majina mawili.

Na huyo mnunuzi wa kangomba tusimkimbize na mgambo peke yake. Mkamateni, sheria ipo, lakini ukimkamata bila kumpa mkulima pa kukopa umemfungia dirisha la mwisho alilokuwa nalo, atatafuta mwingine wa usiku mwenye bei mbaya zaidi.

Mimi naishia hapo kwa sasa. Mzee wangu pale nyuma naona umenyoosha mkono muda mrefu, karibu, anza na jina la chama chako cha msingi na utuambie msimu uliopita mlikatwa kiasi gani kwa kilo.