Picha Hukonda Njiani: Mhadhara Kuhusu Picha za Kitabu cha Simu

Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Baadhi yenu mmekwisha kunisikia nikilizungumza jambo hili, na nimewaona wawili watatu wakitabasamu mara tu mada ilipotajwa. Tabasamuni tu. Nitaacha kulisema siku nitakapoiona simu inayomweleza mwenyewe ukweli kuhusu picha alizoiwekea.

Tatizo lenyewe mnalijua, kwa hiyo sitalieleza kwa kirefu. Unachagua picha safi ya mtu wako, unaikata ikae vizuri, unaiweka kwenye jina lake. Simu inaipokea, inazungusha ile alama yake ya mishale, kisha inakuandikia kwamba usawazishaji umekamilika. Miezi kadhaa baadaye unahamia simu nyingine, mtu yule anakupigia, na kinachojitokeza ni uso uliofumuka vipande vya mraba, kana kwamba alipigwa picha kupitia kioo cha bafuni. Wako wanaoilaumu kamera, na wako wanaoilaumu simu mpya. Mimi ninalishtaki neno moja tu, nalo ni hilo "usawazishaji". Kusawazisha ni kuvifanya vitu viwili vilingane. Ukinikabidhi picha ya pikseli 720 kwa 720, yaani nukta ndogo za rangi zinazoiunda, nami nikaweka ghalani ya pikseli 96 kwa 96, hatujalingana hata kidogo; nimekupunja, kisha nimekuandikia risiti kwamba nimepokea mzigo wote.

Wala upunjaji huo si wa kijuujuu. Picha ya 720 kwa 720 ina pikseli 518,400, na ile ya 96 kwa 96 ina pikseli 9,216, maana yake ni kwamba katika kila pikseli 56 ulizotoa umebakiziwa moja. Itandaze hiyo iliyobaki kwenye skrini yenye upana wa pikseli 1,080, na kila pikseli yake italazimika kujinyoosha kufunika zaidi ya pikseli 120 za skrini. Hakuna programu ya kunoa picha itakayokurudishia jicho ambalo halimo.

Kipimo hicho cha 96 hakikuzuka tu, na ni haki nikieleze kabla sijaendelea kulalamika. Katika matoleo ya mwanzo ya Android, picha ya mtu iliwekwa ndani ya hifadhidata, katika jedwali lilelile la namba na majina. Programu inayotaka kusoma jedwali hilo huletewa data kupitia sehemu ya kumbukumbu yenye kikomo, ambayo zamani ilikuwa karibu megabaiti moja. Ukiruhusu picha nzito humo, orodha ya majina inashindwa kufunguka. Kwa hiyo wahandisi wakaweka kijipicha, na katika vioo vidogo vya wakati ule hakuna aliyelalamika. Mwaka 2011, Android 4.0 ilipotoka, ndipo picha kubwa ilipotolewa nje ya hifadhidata ikawa faili yake yenyewe, kwa kipimo cha 256 kwa 256, huku kijipicha cha 96 kikibaki mahali pake kwa ajili ya orodha. Mwaka uliofuata, Android 4.1 ikapandisha kikomo hadi 720 kwa 720. Sikilizeni vizuri hapo: tangu wakati huo kila mtu ana picha mbili ndani ya simu, ndogo ya orodha na kubwa ya kuonyeshwa anapopiga. Ndiyo sababu unaweza kuipitia orodha yako yote, ukaona viduara vizuri vinavyong'aa, ukaamini mambo ni shwari, kumbe ile kubwa haipo kabisa.

Sasa nije kwenye kisa changu, na wanaokijua wanivumilie.

Nilitumia jioni tatu kuwawekea picha watu 143. Sikuokoteza picha; kila moja niliikata mraba, nikahakikisha uso uko katikati, nikaiangalia kwenye skrini nzima, nikaridhika. Akaunti niliyoitumia ilikuwa ya mtoa huduma mmoja ambaye sitamtaja, kwani sijaja hapa kumharibia mtu biashara, na seva yake, yaani kompyuta yake inayotunza data, ilizungumza na simu yangu kwa itifaki ya CardDAV, ambayo ni kanuni za kubadilishana majina ya kitabu cha simu. Simu ikaniambia kila kitu kimesawazishwa. Miezi minane nilipigiwa simu na nyuso safi kabisa.

Kisha nikapata simu mpya. Nikaingia kwenye akaunti, majina yakashuka, picha zikashuka, viduara vikajaa. Simu ya kwanza iliyopigwa ilikuwa ya dada yangu, na nikamtambua kwa sauti. Nikafungua jina la pili, la tatu, la kumi: yote vijipicha vilivyovutwa kwa nguvu. Hapo bado sikuogopa, kwa sababu simu ya zamani ilikuwa mezani, imewashwa, imeunganishwa na mtandao, na humo picha zote 143 zilikuwa nzima. Nikasema moyoni kwamba asili ninayo, haraka ya nini. Nikaitumia siku ile kufanya usafi mwingine kwenye simu mpya: hakuna hata namba moja iliyokuwa na msimbo wa nchi, nami nikaanza kuuongeza, jina baada ya jina, mpaka jioni. Nilipoichukua simu ya zamani usiku ili nizihamishe zile picha, nikakuta imekuwa kama ile mpya. Nyuso zote zimefumuka. Nilibadilisha namba, nikapoteza nyuso, na nilifanya hivyo kwa mkono wangu mwenyewe, kwa utaratibu na nidhamu ambayo sikuwahi kuionyesha katika kazi nyingine yoyote.

Nini kilitokea? Hili ndilo ninalotaka mliondoke nalo, hata kama mengine yote mtayasahau. Katika CardDAV, ambayo kanuni zake zimeandikwa katika waraka wa RFC 6352 wa mwaka 2011, mtu mmoja ni kadi moja, yaani vCard, na jina, namba, anwani na picha vyote vimo ndani ya kadi hiyo. Kadi husafiri nzima. Ukibadilisha tarakimu moja, simu huandika kadi yote upya na kuipeleka, pamoja na picha iliyonayo wakati huo. Jioni zile tatu, simu yangu ya zamani ilipeleka picha kubwa. Seva ikazipokea, ikazikondesha, ikahifadhi vijipicha. Waraka huo unatambua kwamba seva inaweza kuhifadhi kitu kisichofanana kabisa na kilicholetwa, na katika hali hiyo inakatazwa kuirudishia simu alama madhubuti ya toleo, ili simu ijue kwamba huenda ikalazimika kurudi kuisoma kadi ilivyo sasa. Programu ya simu yangu haikujishughulisha kurudi. Ikaendelea kunionyesha nakala yake nzuri kwa miezi minane, nami nikaendelea kuamini kwamba seva nayo ina nzuri.

Simu mpya ilichukua kilichokuwapo, yaani vijipicha. Nilipoongeza msimbo wa nchi, ikaandika kadi mpya zenye namba sahihi na picha mbovu, ikazipeleka. Seva ikabadilisha alama ya toleo kwa kila kadi. Simu ya zamani, kwa utiifu wake wote, ikaona matoleo mapya, ikayachukua, ikayaweka juu ya yale mazuri. Hakuna mashine hata moja iliyokwenda kinyume cha maagizo yake. Ukitafuta mkosaji humpati, ila hasara unaiona. Na kama ningeiweka simu ile ya zamani katika hali ya ndege, kitendo cha kugusa mara moja tu, picha zangu zote zingekuwapo leo.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba nilipaswa kuwa na nakala rudufu. Nilikuwa nayo, ndugu yangu. Nilitoa kitabu chote cha simu katika faili moja ya vCard na kuiweka kwenye kompyuta, isipokuwa niliitoa kupitia ukurasa wa akaunti, si kupitia simu, kwa hiyo nilichohifadhi kwa uangalifu mkubwa kilikuwa vijipicha vilevile. Nakala ya kitu kilichokwisha kuharibika ni uharibifu uliorudufiwa. Kabla hujajisifu kwamba una nakala, fungua faili lenyewe, toa picha moja, ipime.

Kuna anayesema pia kwamba picha ni pambo tu, muhimu ni namba. Anayesema hivyo macho yake bado hayajamsumbua. Wako watu wengi wasioweza kusoma herufi ndogo za jina, na wengine wasioweza kusoma kabisa, ambao kwao ule uso unaojaa kioo ndiyo njia pekee ya kujua kama waipokee simu au waiache. Kumpa mtu huyo kijipicha kilichovutwa ni sawa na kumwandikia jina kwa wino unaofifia.

Na wa tatu, ambaye huwa hakosekani, husema: basi tuweke picha kubwa kupita kiasi, ya megapikseli 12 kama ilivyotoka kwenye kamera, ili hata ikikonda ibaki na nyama. Hapana. Mzigo ukizidi mlango, atakayeukata ni bawabu, na bawabu hajui uso uko wapi. Seva nyingine haikati chochote bali huikataa kadi nzima, ukakosa picha na mabadiliko ya namba kwa pamoja. Kateni wenyewe, mraba, 720 kwa 720, katika JPEG ya ubora wa kadiri. Faili la namna hiyo kwa kawaida ni makumi ya kilobaiti au mia na kitu, na mtandao wenu hautalemewa nalo.

Mnaniuliza kila mlango una upana gani. Nitataja miwili. Anayetumia iCloud, huduma ya Apple, ana kikomo cha kilobaiti 224 kwa picha moja na kilobaiti 256 kwa kadi nzima, ambacho kinatosha kabisa. Anayeunganisha simu na barua za kazini kwa Exchange ActiveSync ana mlango mwembamba zaidi: itifaki hiyo inaruhusu picha ya kilobaiti 48 tu, tena ikiwa imekwisha kugeuzwa kuwa maandishi. Picha ikigeuzwa hivyo, kila baiti tatu huwa herufi nne, kwa hiyo picha yenyewe haiwezi kuzidi kilobaiti 36. Si haramu kutumia akaunti ya kazi, lakini usiitegemee kutunza nyuso za watu wako, kwani haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Laini ya simu nayo msinitajie. Anayehifadhi majina kwenye laini amehifadhi majina na namba; picha haikuingia hata mlangoni.

Dakika zinakwenda, kwa hiyo suala la akaunti mbili nitaligusa tu. Android huunganisha kadi za akaunti mbalimbali zinazomhusu mtu mmoja na kukuonyesha jina moja, huku picha moja tu ikichaguliwa kuwa ndiyo sura yake. Unaweza kuwa umeweka picha nzuri katika akaunti ya kwanza, na simu ikawa inakuonyesha kijipicha cha akaunti ya pili. Ukiweka nzuri tena, unaiweka palepale ilipokuwa, wala haionekani. Kabla hujahangaika, fungua jina, tazama limeunganishwa na akaunti ngapi, tenganisha, kisha angalia kila moja ina nini.

Nilikusudia pia kuzungumzia picha zinazovutwa na programu za ujumbe, lakini hilo ni somo refu na lina ugomvi wake, nami naliacha.

Utaratibu ninaoufuata tangu siku ile ni huu. Picha zote za asili nimeziweka katika folda ya kawaida, nje ya kitabu cha simu, kila faili likiwa na jina la mwenyewe, ili kitabu kikiharibika niwe na pa kuanzia. Picha naipandisha kwenye akaunti yenyewe kupitia kompyuta, siiweki kwenye simu na kuisubiri ipande. Kisha nafanya jaribio kwa jina moja, si kwa majina 143: natumia simu ya pili ambayo haijawahi kuwa na picha hiyo, naiingiza kwenye akaunti ileile, nasubiri, nafungua jina hilo na kuitazama picha ikiwa imejaa kioo, siyo katika kiduara cha orodha. Ikiwa nzima, nabadilisha neno moja katika kadi ile kwenye simu ya pili, nasubiri tena, kisha narudi kuitazama simu ya kwanza. Wengi hufanya nusu ya kwanza ya jaribio na kuondoka, ilhali kilichoniua mimi kilikuwa safari ya kurudi.

Na mlioko hapa mnaoandika programu hizi, ambao nimewaona mmekaa nyuma kabisa karibu na mlango, ombi langu halihitaji teknolojia mpya. Seva yenu inajua ukubwa wa picha iliyopokea na ukubwa wa ile iliyohifadhi. Namba hizo mbili zikitofautiana, msiandike kwamba usawazishaji umekamilika. Andikeni: "Picha imepunguzwa kutoka 720 hadi 96." Ni maneno manne na namba mbili. Yangenifikia jioni ile ya kwanza, ningeacha baada ya picha moja.

Mwenyekiti ameniashiria mara mbili sasa. Nina simu mbili hapa mezani, moja imo katika hali ya ndege, na aliye tayari kufanya jaribio kwa jina lake mwenyewe anaweza kusogea.