Msimulizi: Gazeti la Waliopotezewa Ukoo

Mabibi na mabwana, mwaka 1888, huko Unguja, misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) ilitoa gazeti la Kiswahili. Wangeweza kuliita Mhubiri. Wakaliita Msimulizi, na jina hilo lililifaa hasa.

Liliwahusu watu wa chuo cha Kiungani, nje kidogo ya mji. Chuo hicho kilianza na wavulana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa: huyu Myao, yule Mnyasa, mwingine Mmakua. Wapo waliotekwa wangali wadogo mno kulikumbuka hata jina la kijiji. Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882, alikuwa amekwisha kuwafundisha vijana wa misheni kupanga herufi za risasi na kuendesha mtambo wa chapa. Gazeti lilipofika, mafundi walikuwapo.

Waliohitimu walipelekwa kufundisha Magila karibu na Muheza, Masasi, Newala, hadi kisiwa cha Likoma katika Ziwa Nyasa. Kutoka huko wakaandika barua, na barua zikachapwa. Wamisionari walitaka habari za shule na ubatizo, nazo zimo. Zimo pia safari, magonjwa na misiba.

Hapo ndipo ninaposhikwa kila mara. Mtu aliyeporwa baba na mama akifika salama ugenini, atamwarifu nani? Waliokuwa ndugu zake ni wenzake wa Kiungani, na gazeti ndilo lililowafikia wote kwa mara moja.

Tunapoisimulia historia ya maandishi yetu, huanza na washairi wa Lamu na Mombasa, na ni haki yao. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya misheni. Lakini hawa walimu vijana nao tuwape nafasi yao. Wengi wao Kiswahili walijifunza ukubwani au utotoni baada ya kutekwa, wakakiandika kama mtu anavyozungumza na rafiki. Wengi wetu humu ukumbini tumekipata Kiswahili juu ya lugha nyingine, kama wao.

Baadaye yalikuja mengine: Habari za Mwezi kutoka Magila, kisha mwaka 1910 Pwani na Bara la Walutheri na Rafiki Yangu la Wakatoliki.

Chuo chenyewe kilihamia Minaki, wengi mnapafahamu. Kama nyumbani kuna sanduku la babu aliyekuwa mwalimu wa misheni, lifungueni kabla mchwa hawajalimaliza. Mkikuta karatasi ya zamani yenye barua ya mtu aliyefika Newala salama, nileteeni niisome.