Kuyasoma matokeo ya udiwani Uingereza: mfano wa Mid Suffolk

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Tarehe 4 Mei 2023 wilaya ya Mid Suffolk, mashariki mwa Uingereza, ilichagua madiwani wake wote 34 kwa siku moja. Chama cha Green, yaani cha wanamazingira, kilipata viti 24, na vyama vya Conservative 6 na Liberal Democrats 4. Mwaka 2019 Conservative walikuwa na 16 na Green 12. Hapo ndipo Green walipopata wingi wa wazi katika halmashauri kwa mara ya kwanza nchini humo, tena katika wilaya ya mashamba na vijiji ambayo mji wake mkubwa ni Stowmarket. Nimeuchukua mfano huu kwa sababu takwimu zake hazisumbui kichwa.

Kwanza iwekeni kando picha ya halmashauri ya Tanzania. Kule hakuna mkuu wa wilaya wa kuteuliwa, hakuna viti maalumu, wala mbunge haingii kikaoni kwa wadhifa wake. Shule na barabara si za wilaya, ni za kaunti ya Suffolk, ngazi iliyo juu ya wilaya. Wilaya ina vibali vya ujenzi, nyumba za kupangisha, uzoaji wa taka, na ukusanyaji wa kodi ya makazi ambayo sehemu kubwa huishia kaunti. Anayesema Green walishika shule za Mid Suffolk amekosea kabla hata hajafika kwenye kura.

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Baada ya hapo kazi huwa mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni uhakiki: karatasi zilizomo katika kila sanduku huhesabiwa na kulinganishwa na taarifa ya msimamizi wa kituo, bila kujali nani kapigiwa. Ndipo kura za wagombea zihesabiwe. Alama ya vema badala ya msalaba haiharibu kura ikiwa nia ya mpiga kura iko wazi. Kinachoiharibu ni kuchagua watu wengi kuliko viti, kuandika jambo linalomtambulisha mpiga kura, kukosa alama rasmi, au karatasi kuachwa tupu.

Sasa tufike penye mtego. Kata nyingine zina diwani mmoja, nyingine wawili, na penye wawili kila mtu ana kura mbili, ingawa halazimiki kuzitumia zote. Tuchukue kata ya kubuni yenye viti viwili na wapiga kura 1,000. Chama A kimesimamisha wagombea wawili: 520 na 480. Chama B mmoja tu: 450. Chama C wawili: 210 na 180. Jumla ni kura 1,840, maana watu 160 walitumia kura moja. Ukijumlisha kila kitu, A ana asilimia 54, B 24, C 21. Lakini B amepunjwa, maana hakuwa na mgombea wa pili wa kuokota kura. Chukua mgombea bora wa kila chama (520, 450, 210) na asilimia zinakuwa 44, 38 na 18. Viti vyote viwili ni vya A kwa hesabu yoyote ile, ila ukitaka kujua wananchi wameegemea wapi, hesabu ya pili ndiyo ya kuaminika zaidi. Takwimu za asilimia zinazosambazwa usiku wa matokeo mara nyingi hazisemi zimetumia njia ipi. Mimi huwa sizigusi.

Kulinganisha na zamani nako kuna adabu yake. Mid Suffolk huchagua wote kila miaka minne, kwa hiyo 2023 inalinganishwa na 2019 moja kwa moja. Halmashauri nyingine huchagua theluthi moja kwa mwaka, katika miaka mitatu kati ya kila minne; huko viti vya mwaka huu hulinganishwa na vilevile vya miaka minne nyuma, si na vya mwaka jana. Na mipaka ya kata ikichorwa upya, ulinganisho wa kata kwa kata umekufa.

Wagombea wakifungana, msimamizi hupiga kura ya bahati papo hapo. Katika halmashauri ya Northumberland mwaka 2017, kiti cha kata ya South Blyth kiliamuliwa kwa kuvuta njiti, na Conservative wakabaki na viti 33 kati ya 67, pungufu ya kimoja tu kupata wingi.

Mid Suffolk wingi ni viti 18. Mwenye 24 huchagua kiongozi wa halmashauri bila kubembeleza mtu, na kiongozi huyo huunda baraza lake dogo la watendaji. Kamati lakini ni jambo jingine: sheria ya 1989 inataka viti vyake vigawanywe kwa uwiano wa makundi. Kamati ya watu 10 ingekuwa na Green 7, Conservative 2, Liberal Democrats 1. Hivyo aliyeshindwa bado anakaa panapoamuliwa vibali vya ujenzi. Asiyeridhika na matokeo ana siku 21 za kufungua shauri.

Kwa ndugu mnaoishi kule: raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, kwa kuwa nchi hizo ni za Jumuiya ya Madola, wanapiga kura hizi, mradi wana ruhusa ya kuishi nchini na wametimiza miaka 18, na hata kugombea, ikiwa ruhusa hiyo haina kikomo. Wa Kongo na Burundi hawamo, labda wawe na uraia mwingine unaokubalika. Jiandikishe si chini ya siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Tangu 2023 kitambulisho chenye picha ni lazima kituoni; pasipoti ya Kenya au Tanzania inakubaliwa, hata iliyoisha muda, ilimradi sura iliyomo bado ni yako.