Shule Zikifungwa, Mwalimu Mtarajiwa Afanyie Wapi Mazoezi?

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji, tuko Moshi. Leo mimi na kaka Elia tunazungumzia vyuo vya ualimu wakati wa magonjwa ya mlipuko.

ELIA: Asante, dada. Jambo hili lilianzia hapa jirani. Machi 16, 2020, mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa akiwa Arusha. Kesho yake shule zikafungwa, vyuo navyo vikafuata, hadi Juni 1 vyuo vilipofunguliwa.

NEEMA: Sasa mchukue mwanachuo aliyerudi kwao Rombo. Saikolojia ya elimu ataisoma kwenye daftari. Lakini mazoezi ya kufundisha atayafanyia wapi, na shule zenyewe zina kufuli?

ELIA: Hapo ndipo penye kazi. Simu inasaidia, sibishi. Andalio la somo unalipiga picha, unalituma WhatsApp, mkufunzi anakusahihisha kwa ujumbe wa sauti. Bando dogo linatosha. Unaweza hata kujirekodi ukimfundisha mdogo wako sehemu na desimali.

NEEMA: Mdogo wako mmoja, kaka. Darasa letu lina watoto themanini!

ELIA: Ndiyo maana nasema simu ina mwisho wake. Yule mtoto aliyenyamaza kule nyuma kwa kuwa hajaelewa, utamjua ukisimama darasani, na mtu mzoefu akikuangalia. Sasa hili nchi yetu imewahi kulifanya. Mwaka 1974 kule Musoma, chama tawala cha wakati huo, TANU, kiliamua elimu ya msingi iwe ya wote ifikapo 1977, mpango uliojulikana kama UPE. Walimu hawakutosha. Kuanzia 1976 vijana waliomaliza darasa la saba wakasomeshwa ualimu hukohuko vijijini: masomo kwa posta, vipindi vya redio, na huku wanafundisha shule ya kijiji chini ya walimu wazoefu. Waliohitimu walizidi 35,000.

NEEMA: Ila walimu wa UPE wanalaumiwa hadi leo.

ELIA: Na lawama nyingine ni za haki, maana walianza na darasa la saba tu. Mwanachuo wa leo ana kidato cha nne au cha sita. Ninachotaka tukichukue ni yule mlezi wa karibu.

NEEMA: Basi vyuo viwe na orodha mapema. Mwanachuo fulani, kata fulani, mwalimu mlezi fulani. Tayari kuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu wanakutana shuleni kwao wanafundishana. Shule zikifunguliwa tu, kijana aingie darasani jirani na kwao, asingoje kupangiwa.

ELIA: Na mlezi alipwe posho! Mwalimu ana mzigo wake, tusimwongezee mwingine kwa asante tu. Na magonjwa ya mlipuko hayajaisha: homa ya Marburg iliingia Kagera 2023, ikarudi 2025. Orodha hizo ziandikwe sasa, shule zikiwa wazi.

NEEMA: Wakufunzi mnaotusikiliza, tutumieni ujumbe wa sauti: chuoni kwenu orodha hiyo ipo, na nani anaishika?