Jinsi ya Kuchora Njia ya Ugiligili wa Ubongo, Kuanzia Unapotengenezwa Hadi Unaporudi Damuni

Karibu, mtazamaji. Andaa karatasi na kalamu za rangi mbili: nyekundu kwa damu, na buluu kwa ugiligili wa ubongo ambao wengi huufahamu kwa jina la maji ya uti wa mgongo. Jina hilo hupotosha kidogo, kwa kuwa chanzo chake kikuu kimo ndani kabisa ya ubongo.

Kwanza, chora ubongo kwa ubavu, kisha ndani yake uchore vyumba viitwavyo ventrikali. Viwili vya pembeni hufunikana katika mchoro wa namna hii, basi chora kimoja, ukikumbuka kwamba kina pacha upande wa pili. Cha tatu ni chembamba na kipo katikati. Cha nne kipo chini, kati ya shina la ubongo na serebelamu, yaani ubongo mdogo ulio nyuma.

Pili, tia vishada vyekundu katika kila chumba. Hizi ndizo pleksi za koroidi, yaani kapilari zilizofunikwa na seli zilizoshikana sana kiasi kwamba damu haiwezi kupenya ovyo. Maji ya damu huvuja kwa urahisi kutoka kwenye kapilari, lakini yakifika kwenye seli hizo hukuta mlango wenye bawabu: seli hutumia nishati kusukuma sodiamu kuelekea chumbani, kloridi na bikaboneti hupita pia, na maji hufuata chumvi hizo kwa osmosisi. Kwa hiyo usiandike kwamba ugiligili ni damu iliyochujwa tu. Protini yake ni kidogo mno, na glukosi yake ni takriban theluthi mbili ya ile ya damu.

Pembeni mwa mchoro andika namba mbili: mililita 150, ambacho ni kiasi kilichopo kwa mtu mzima wakati wowote, na mililita 500, ambacho ni kiasi kinachotengenezwa kwa siku. Ugiligili wote, basi, hubadilishwa zaidi ya mara tatu kwa siku.

Tatu, shika kalamu ya buluu. Toka ventrikali ya pembeni kupitia tundu la Monro, ingia ya tatu, shuka kwa mfereji mwembamba wa Sylvius hadi ya nne, kisha utoke kwa matundu matatu: moja la Magendie katikati na mawili ya Luschka pembeni. Sasa umefika kwenye nafasi iliyo chini ya utando wa araknoidi (mmoja wa tando zinazofunika ubongo), inayouzunguka ubongo na kuteremka hadi mgongoni. Mshale wako unaonyesha mwelekeo wa jumla tu. Kwa kweli ugiligili huenda mbele na kurudi nyuma kwa kila pigo la moyo na kila pumzi.

Nne, juu ya ubongo chora vinundu vya araknoidi vilivyochomoza ndani ya mfereji mkubwa wa vena unaopita utosini. Shinikizo la ugiligili likizidi la vena, ugiligili hupita kuingia damuni, na damu hairudi upande huu. Ongeza pia mshale wa nukta unaofuata neva za kunusa, ukipenya mfupa wenye vitundu ulio juu ya pua hadi kwenye mishipa ya limfu, kwani sehemu nyingine ya ugiligili hutoka kwa njia hiyo. Watafiti bado wanajadiliana kuhusu mgawanyo wa kazi kati ya njia hizi mbili.

Mwisho, jaribu mchoro wako. Ziba mfereji wa Sylvius kwa kidole. Pleksi haziachi kazi kwa sababu njia imefungwa, hivyo ventrikali za pembeni na ya tatu zitatanuka huku ya nne ikibaki ilivyo. Hali hiyo ni hidrosefali. Kwa mtoto mchanga, ambaye mifupa ya fuvu haijaungana, kichwa chenyewe hukua kupita kiasi. Ondoa kidole, kisha uzibe vinundu vya juu: safari hii mlundikano huanzia nje ya ubongo, na ventrikali zote nne zaweza kutanuka.